Kicheko Baada ya Kiama: Hadaa na Ushujaa katika The Hitchhiker's Guide to the Galaxy

Riwaya hii ya Douglas Adams ilitoka mwaka 1979, baada ya mchezo wake wa redio kurushwa na BBC mwaka 1978. Ndani yake dunia inateketezwa ili kupisha barabara ya anga, nasi tunachekeshwa. Wapo watakaosema kwamba huko ni kuyafanyia mzaha maafa. Mimi nadai kuwa mzaha huo ndio unaoifichua hadaa.

Kabla ya dunia, nyumba ya Arthur Dent nayo inakabiliwa na tingatinga, kwa ajili ya barabara ya mchepuo. Anaambiwa kuwa michoro iliwekwa wazi. Kumbe iliwekwa chini ya jengo, gizani, katika kabati lililofungwa, ndani ya choo kisichotumika chenye kibao cha kumtahadharisha mtu na chui. Punde Wavogon wanawajibu wanadamu vivyo hivyo: michoro yao ilikuwa Alpha Centauri kwa miaka 50. Katika majibu hayo hakuna uongo. Hadaa ya Adams ni ukweli uliotangazwa mahali usipoweza kusomwa. Sisi wa Afrika Mashariki, tuliozoea kuona alama ya X nyekundu kwenye kuta za nyumba zinazosubiri kubomolewa, tunaielewa mara moja.

Panya nao wanahadaa. Wanadamu walidhani wanawachunguza maabarani, kumbe panya ndio walioiagiza dunia itengenezwe, iwe kompyuta ya kutafuta Swali ambalo jibu lake ni 42. Dunia inapoteketea kabla ya kazi kukamilika, wanautaka ubongo wa Arthur. Wakiukosa, wanaamua kutunga swali la bandia.

Je, Arthur ni shujaa? Fumo Liyongo wa tendi za Kiswahili ana nguvu na upinde, na ni hadaa ya mwanawe inayomwangusha. Arthur hana nguvu wala silaha. Hata kunusurika kwake ni kazi ya rafiki yake, Ford Prefect, mgeni wa sayari nyingine aliyejifanya mtu wa Guildford kwa miaka 15. Hata hivyo, Arthur ndiye anayejaribu kuomboleza. Akiwaza kuwa Marekani haipo, akili inagoma. Akiwaza New York, hali ni ileile. Anapofikia baga ya McDonald's, anazimia. Anapozinduka, anajikuta akimlilia mama yake. Hapo nami niliacha kucheka. Msiba mkubwa kupita kiasi umepata kipimo kinachomtosha mtu mmoja, na mzaha ndio uliotufikisha hapo.

Kasoro ninayoiona ni Trillian. Huyu ni Mwanadunia mwingine aliyebaki, tena msomi wa hisabati na elimu ya nyota, lakini hapewi nafasi kama hiyo ya kulia. Riwaya inayowacheka wenye mamlaka kwa kutowasikiliza wanyonge ilipaswa kumsikiliza na yeye.