Kiangazi Kinapousukuma Msuko: Uhakiki wa Masimulizi ya Nayeche

Aghalabu mtahiniwa akiulizwa kuhusu majira katika kazi ya fasihi, huyaweka chini ya mandhari na kuandika sentensi mbili: mvua ni ishara ya neema, kiangazi ni ishara ya dhiki. Jibu hilo si kosa kila mara, lakini ni la kukariri. Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba zipo kazi ambazo majira ndiyo huusukuma msuko na kuamua ni nani atakayekuwa mhusika mkuu. Mfano wetu ni masimulizi ya Nayeche, yanayosimuliwa na Waturkana wa Kenya na jamaa zao Wajie wa Uganda.

Matoleo ni mengi, ila kiini ni kimoja. Fahali wa kijivu aitwaye Engiro alipotea kutoka nchi ya Wajie. Mwanamke aitwaye Nayeche, ambaye katika baadhi ya matoleo ni bibi kizee, alivuka uwanda usio na maji hadi bonde la Tarach, akaishi huko kwa kuchuma matunda ya mwituni. Vijana waliokuja kumtafuta fahali wakamkuta. Walipoona kwamba nchi ile haina wenyewe na ina malisho, wakahamia na mifugo yao, na jamii ya Waturkana ikaanza. Mwanahistoria John Lamphear aliyachunguza masimulizi haya, na Mustafa Kemal Mirzeler akayaandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2014.

Kiutanzu, haya ni masimulizi ya asili ya jamii, kwa hivyo ni kisasili. Hata hivyo, Nayeche ana sifa za shujaa wa mighani: anatenda jambo kubwa, na katika nchi ya Waturkana upo mlima unaobeba jina lake. Mtahiniwa akichagua utanzu mmoja, atoe sababu.

Sasa tuyatazame majira. Waturkana huugawa mwaka mara mbili: akiporo, majira ya mvua, na akamu, kiangazi. Masika na vuli tulivyovizoea katika vitabu vya pwani havitoshi kuueleza mwaka huu. Lodwar hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, kwa hivyo akamu si kipindi kifupi cha kungojea mvua. Ni sehemu kubwa ya maisha yenyewe. Wakati wa akiporo nyasi huota, maziwa huongezeka, watu hukaribiana na ngoma ya edonga huchezwa. Akamu ikiingia, maziwa hupungua na vijana huhamisha ng'ombe kuelekea milimani. Chakula hutafutwa mitini: matunda ya mkoma hupondwa, nazo mbegu za edapal huchemshwa kwa saa nyingi na maji yake kumwagwa tena na tena mpaka uchungu uishe. Ujuzi huo ni wa wanawake.

Hapa ndipo penye hoja yetu. Katika jamii ya wafugaji tungetarajia mwasisi awe mwanamume mwenye ng'ombe na mkuki. Masimulizi yanatupa mwanamke mwenye matunda. Kwa nini? Kwa sababu kisa kinatokea katika ukavu, na katika ukavu anayeweza kumlisha mtu ni yule anayeijua miti. Ondoa kiangazi, na Nayeche hana sababu ya kuwa shujaa. Hivyo basi, ukavu katika kazi hii haupambi kisa. Unampandisha mhusika cheo.

Huenda msomaji akapinga na kusema kuwa mgunduzi wa kweli ni Engiro. Ni kweli kwamba fahali huijua nyasi. Lakini nyasi pekee haimfanyi binadamu aishi mahali. Mazingira yale yanakuwa makao pale tu chakula cha mnyama na chakula cha mtu vinapopatikana pamoja, na ndiyo maana msimulizi anawaweka wawili hao bonde moja. Fauka ya hayo, tazama mwisho wa kisa: vijana wanapoyaona malisho, uamuzi wa kuhama unakuwa wao. Neema inaporejea, mamlaka yanarudi kwa wenye mifugo. Kinachomhifadhi Nayeche ni kumbukumbu, na mlima ule.

Mwalimu atahadhari pia na fomyula ya mvua na neema. Tarach hii ya masimulizi ndiyo hupita Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992. Kwa siku nyingi ni mchanga mtupu, ila mvua kubwa ikinyesha hufurika ghafla, na imewahi kusomba nyumba na kuua watu. Vivyo hivyo, Lodwar inaujua mto Kawalase. Kwa upande mwingine, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, na mifugo mingi ikafa. Mtahiniwa wa huku akiandika kwamba mvua ni hatari, asikatwe alama kabla ya hoja yake kusomwa. Tumtake tu athibitishe kutoka katika matini.

Zaidi ya hayo, darasani Kakuma huketi mwanafunzi ambaye jamaa zake walivuka mpaka kutoka Sudan Kusini, Somalia au Kongo. Alichovuka Nayeche leo ni mpaka wa Uganda na Kenya. Mwanafunzi huyo hahitaji kuelezwa maana ya kufuata nyayo katika nchi kavu. Anahitaji istilahi za kuieleza, na kazi hiyo ni yetu walimu.

Maswali ya marudio

1. "Nayeche ni shujaa wa kiangazi." Jadili.

2. Jadili nafasi ya Engiro katika msuko wa masimulizi haya.

3. Teua kazi moja uliyoisoma na uonyeshe iwapo majira ni mandhari tu au yanausukuma msuko.