Kushiriki na Kushirikisha: Istilahi za Printa Itumiwayo na Kompyuta Nyingi Nyumbani

Mezani petu ipo karatasi ya maelekezo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ambayo mtengenezaji mmoja wa printa huifungasha pamoja na mashine zake. Yaeleza jinsi printa moja inavyoweza kutumiwa na kompyuta kadhaa za nyumba moja kwa njia ya mtandao usiotumia waya. Tuliisoma mara ya kwanza kama wahakiki wa istilahi. Mara ya pili tukaisoma kama watu wenye printa na haja ya kuchapa, na usomaji huo wa pili ndio uliotutia wasiwasi. Sarufi yake haina kosa kubwa. Maneno yake karibu yote yamo katika kamusi. Hata hivyo, mtu akiyafuata kama yalivyo yamkini asichape hata ukurasa mmoja, tena aweza kuwafungulia watu asiowajua mlango ambao hakukusudia kuufungua.

Kiini cha tatizo ni kitenzi kimoja. Karatasi hiyo, kama zilivyo programu nyingi za kompyuta na za simu zilizotiwa Kiswahili, yaamuru: 'Shiriki printa'. Sasa, kushiriki kwa Mswahili ni kuingia katika jambo ambalo wengine wamo au wamelianzisha. Mtu hushiriki katika harusi, katika mazishi, katika mkutano. Mwenye harusi hasemi kwamba ameishiriki harusi yake kwa majirani. Yeye huwashirikisha majirani, nao ndio hushiriki. Kiingereza hakina tofauti hiyo. Kitenzi chake kimoja chamtosha mwenye mali anayewapa wengine nafasi, na chamtosha pia yule anayeitumia mali ya mwenziwe. Mfasiri amekichukua kitenzi hicho chenye nyuso mbili, akakipa neno letu lenye uso mmoja, na kwa bahati mbaya uso huo sio uliohusika pale.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mabishano ya wanalugha. Basi na tuitazame kazi yenyewe. Printa iliyofungwa kwa waya katika kompyuta moja hutumiwa na kompyuta nyingine kwa hatua mbili: kompyuta yenye printa hutoa ruhusa, kisha ile nyingine huitafuta printa hiyo katika mtandao na kuiongeza katika orodha yake. Ni matendo mawili, hufanywa katika mashine mbili, na aghalabu na watu wawili. Binti aliye chumbani na kompyuta yake ya mkononi asomapo 'shiriki' hudhani ndiye anayeambiwa, kwa kuwa ndiye anayetaka kuingia katika matumizi ya printa iliyo sebuleni kwa baba yake. Kwa Kiswahili chake hajakosea. Lakini hapo alipobonyeza ni mahali pa kutoa ruhusa, naye hana printa ya kumruhusu mtu. Katika Windows, swichi moja huhusu mafaili na printa kwa pamoja. Kwa hiyo, ikiwa binti huyo aliwahi kuruhusu folda fulani ionekane, ya picha mathalan, huenda sasa ikafikiwa na wengine walio katika mtandao huo. Nyumbani kwake pengine si neno. Katika bweni la wanafunzi, ambako vyumba arobaini hutumia ruta moja, ni neno kubwa.

Tumepima maneno mengine yanayopendekezwa mahali pa shiriki. Gawana halifai: vinavyogawanwa hukatwa mafungu, kila mtu akaondoka na lake, ilhali printa hubaki nzima. Changia lina nguvu zaidi kuliko wataalamu wanavyokubali. Wananchi husema wanachangia choo, wanachangia chumba, na elimu ya kujikinga na UKIMWI imelieneza kwa onyo la kutochangia nyembe na sindano. Ila likiwekwa peke yake kama amri, 'Changia printa', msomaji atatafuta mahali pa kuweka fedha. Kushea tumelisikia mno mitaani na hatulichukii, lakini limerithi nyuso mbili zile zile za mzazi wake.

Rai yetu ni kwamba pale penye kutoa ruhusa paandikwe 'Shirikisha wengine printa hii', na pale penye kuitafuta paandikwe 'Tumia printa ya pamoja'. Katika jambo hili Kiswahili kina uwezo kuliko lugha iliyofasiriwa, kwani mnyambuliko wetu hutenganisha mtoaji na mpokeaji kwa silabi moja tu. Ni ajabu kuuacha uwezo huo kwa sababu Waingereza hawanao.

Neno la pili lililotusumbua ni mtandao. Kwa Mtanzania wa leo mtandao ni kampuni ya simu, ni intaneti, na ni muungano wa mashine zilizo ndani ya nyumba. Karatasi yatumia neno hilo kwa maana mbili za mwisho bila kuzipambanua, kisha yasema kwamba printa isiyojibu iko 'nje ya mtandao'. Tunamfahamu mzee mmoja ambaye kila alipoyaona maneno hayo katika kioo cha kompyuta alimtuma mjukuu wake dukani akanunue vocha. Fedha ziliteketea bure. Maana halisi ya tangazo hilo ni kwamba kompyuta haipati jibu kutoka kwa printa: labda imezimwa, labda waya umechomoka, labda ruta imeipa anwani mpya na kompyuta bado yabisha hodi katika ile ya zamani. Maandishi yatokayo chumbani kwenda sebuleni hupita katika ruta na kuishia katika printa. Hayana haja ya kutoka nje ya nyumba, wala ya kifurushi. Ni kweli kwamba zimekuwapo huduma zilizopitisha kazi za kuchapa katika intaneti, kama Google Cloud Print iliyofungwa mwisho wa mwaka 2020, lakini karatasi hii haizungumzii hizo. Twapendekeza 'mtandao wa nyumbani' na 'intaneti' yatenganishwe kila mahali, na tangazo lisomeke tu: 'Printa haijibu'.

Kuhusu kitufe cha 'Chapisha' tutasema machache. Kuchapisha ni kutoa kitabu au gazeti kwa umma, na programu hizo hizo hulitumia neno hilo kwa kutangaza maandishi katika intaneti. Mwalimu aliyeandaa mtihani ana haki ya kusita kabla ya kukibonyeza. Tunaye Mpigachapa Mkuu wa Serikali; kupiga chapa na kuchapa ni maneno yetu ya siku nyingi. Kwamba kuchapa ni kutandika viboko pia hakujamzuia mtu kuchapa barua.

Kosa halitokani na uvivu wa wafasiri. Kazi ya kuzitia programu Kiswahili imekwisha kufanywa na watu makini, tangu Jambo OpenOffice ya mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Lakini mara nyingi mfasiri huletewa orodha ya maneno yaliyong'olewa mahali pake, asijue kama hili litakaa kwenye kitufe au kwenye kichwa cha habari, kwa mtoaji au kwa mpokeaji. Akiona neno moja la Kiingereza limerudiwa mara ishirini hulipa neno moja la Kiswahili mara ishirini. Ndiyo maana tumeanza kuwaomba wanaotuletea orodha watuletee pia picha ya kioo.

Karatasi ya mtengenezaji tumeirudisha ikiwa na masahihisho hayo. Foleni, kwa ajili ya kazi zinazongoja kuchapwa, tumeliacha kama lilivyo. Kila aliyewahi kusimama bombani atalielewa. Limebaki jina la programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha printa. Wenzetu wawili wanataka dereva, kwa kuwa ndivyo mafundi wasemavyo. Sisi twataka kiendeshi, kwa kuwa dereva ni mtu. Wasomaji wenye hoja waandike.