Silabi, Mofimu na Mkazo katika Utohozi wa Istilahi ya Anatomia

Imani kwamba kila silabi ya Kiswahili sharti iishie kwa irabu huwafanya baadhi ya watohozi wachopeke irabu kila penye konsonanti mbili. Jina la Kilatini la msuli mmoja wa shingo, sternocleidomastoideus, linadhihirisha udhaifu wa mkabala huo. Uchopekaji kamili hutupatia siterinokileidomasitoidi, neno la silabi 13 lililofunika mashina yake. Ilhali mashina hayo ni ramani ya msuli: sterno ni mfupa wa kidari na kleido ni mtulinga, ambako msuli huanzia, mastoidi ni nundu ya mfupa nyuma ya sikio, ambako huishia.

Kiswahili hakidai uchopekaji huo. Des-tu-ri, kar-ne na lab-da zina silabi funge. Klabu na stesheni huanza kwa konsonanti mbili. Hivyo ster-no-kle-i-do-mas-to-i-di, lenye silabi 9, ni umbo halali. Aidha, irabu o inayounganisha mashina hufunga mofimu na silabi kwa pamoja.

Utata umo katika ei na oi. Kwa kuwa kila irabu hapa ni kiini cha silabi yake, mkazo mkuu huangukia i ya silabi ya pili kutoka mwisho, si mas kama katika Kiingereza.

Kwa hiyo, kamusi za tiba zionyeshe migawanyo miwili: wa silabi kwa ajili ya matamshi, na wa mofimu kwa ajili ya maana. Istilahi inayotamkika bila kuchambulika humwachia mwanafunzi kazi ya kukariri tu.