Mfupa hutengeneza, figo huagiza

Kila sekunde, mwili wa mtu mzima mwenye afya hutengeneza seli nyekundu za damu zipatazo milioni 2. Kazi hiyo hufanyika kwenye uboho mwekundu, hasa ndani ya nyonga, pingili za uti wa mgongo, mbavu na kidari. Kwa mtoto aliye tumboni ni tofauti: ini lake ndilo huibeba kazi hiyo kwa miezi kadhaa kabla mifupa haijaipokea.

Ndani ya uboho, seli changa hugawanyika tena na tena huku zikijaa himoglobini. Mwishowe kila moja hutema kiini chake, huingia kwenye mkondo wa damu na kukomaa baada ya siku 1 au 2. Itazunguka siku 120 hivi.

Lakini uboho haujiamulii kasi. Amri hutoka wapi?

Mwaka 1957, huko Chicago, Leon Jacobson, Eugene Goldwasser na wenzao waliwatoa panya viungo mbalimbali, kisha wakapima kama homoni inayochochea utengenezaji wa damu bado inapanda. Kwa panya waliotolewa figo, haikupanda.

Kuipata homoni yenyewe, erithropoietini, ikiwa safi kulichukua miaka mingine 20. Goldwasser alihangaika na damu ya kondoo waliopungukiwa damu, akaambulia kidogo mno. Ufumbuzi ulitoka Kumamoto, Japani, kwa Takaji Miyake, aliyekuwa na wagonjwa ambao uboho wao ulikuwa umeshindwa kazi. Figo za mgonjwa wa namna hiyo huagiza bila kuitikiwa, homoni hurundikana, na sehemu yake hutoka na mkojo. Miyake alikusanya lita 2,550 za mkojo huo, akaukausha, na mwaka 1975 akamkabidhi Goldwasser mzigo mdogo uliofungwa kwa kitambaa cha hariri.

Mwaka 1977 matokeo yalichapishwa: miligramu 8 za homoni safi.

Kiasi hicho kilitosha kusoma sehemu ya mpangilio wa protini hiyo, na kwa mwongozo huo Fu-Kuen Lin wa kampuni ya Amgen akaipata jeni yake mwaka 1983. Kuanzia hapo homoni iliweza kuzalishwa maabara, na mwaka 1989 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa wenye figo zilizoshindwa kazi. Kabla ya kuidunga, daktari hupima kwanza madini ya chuma mwilini: yakipungua, uboho hupokea amri lakini hauna cha kutengenezea himoglobini.