Mkono wa Fundi Katika Dirisha la Sarrebourg

Katika mji mdogo wa Sarrebourg, mashariki mwa Ufaransa, kuna kanisa la Wafransisko la karne ya 13 ambalo limebaki upande wa altare tu. Sehemu walikokaa waumini ilibomolewa, na mwaka 1976 pengo lake likazibwa kwa dirisha moja la vioo vya rangi, kimo chake mita 12 na upana mita 7.5. Linaitwa "Amani." Wageni huambiwa ni dirisha la Marc Chagall, na hawadanganywi: mchoro ni wake, na mti ule mkubwa uliowabeba Adamu na Hawa ni wake. Lakini kabla ya kuwa picha, dirisha ni kazi ya ufundi, na fundi wa hili ni Charles Marq, aliyefanya kazi katika karakana ya ukoo wa mkewe mjini Reims, ukoo wa mafundi vioo tangu karne ya 17. Sifa zake hazijalipwa ipasavyo.

Mchoraji humkabidhi fundi rangi juu ya karatasi. Karatasi huurudisha mwanga, kioo huupitisha, na rangi iliyopendeza mezani yaweza kufifia kabisa ikikabili jua. Tena, kwa desturi ya kale kila kipande cha kioo kilikuwa na rangi moja; ukitaka rangi nyingine, unakata kipande kingine na kukiunga kwa mkanda wa risasi. Rangi za Chagall hazikai ndani ya mipaka, huingiliana na kuyeyukiana, na kwa desturi hiyo zingenaswa katika wavu mweusi wa risasi. Marq alitumia kioo cheupe kilichovikwa tabaka jembamba la rangi, akaiacha asidi ilile tabaka hilo kwa vipimo: hapa buluu ikabaki nzito, pale ikafifia, kwingine ikatoweka, yote katika kipande kimoja. Rangi iliyokwisha kuliwa hairudi. Ndipo Chagall alipochora nyuso na mistari kwa rangi nyeusi, na vioo vikachomwa tanurini ili isifutike.

Wapo watakaosema kwamba fundi ni mtekelezaji tu, na kwamba bila Chagall pasingekuwa na lolote la kutazama. Chagall mwenyewe hakuonyesha kuamini hivyo. Tangu madirisha ya kanisa kuu la Metz mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi alipofariki mwaka 1985, aliendelea na karakana hiyohiyo: kwa madirisha 12 ya hospitali ya Jerusalem, na kwa dirisha la Umoja wa Mataifa, New York, la mwaka 1964, linalomkumbuka Katibu Mkuu wa umoja huo, Dag Hammarskjöld, aliyekufa karibu na Ndola mwaka 1961 akienda kutafuta suluhu ya vita vya Katanga. Katika kanisa la Mtakatifu Stefano mjini Mainz, Chagall alitangulia kufa kabla madirisha yote hayajajazwa. Marq aliyajaza yaliyosalia kwa vioo vyake mwenyewe. Ni vitulivu zaidi, havina manabii wala malaika, na nakiri kwamba jicho hurudi kwa Chagall. Lakini ile buluu inayolijaza kanisa zima isingetimia bila mkono wa pili.

Kwa hiyo ni jambo jema kwamba Sarrebourg huonyesha dirisha hili pamoja na makumbusho yake ya historia ya mji na vijiji jirani. Wengine huona vyungu na vigae vinalipunguzia kanisa heshima. Mimi naona vinalieleza. Katika makumbusho mna vyombo vya udongo vya Niderviller, kijiji cha jirani, vyenye maua yaliyochorwa kwa mkono, na eneo hili la Lorraine limeyeyusha mchanga kuwa kioo kwa karne nyingi. Anayekwenda Sarrebourg aanzie makumbusho, aone udongo na moto vilivyofanya kazi, kisha aende kanisani. Na akiwasimulia wenzake, amtaje Marq pamoja na Chagall.