Kahawa ya Kukaangwa Kidogo Kidogo: Neno la Wanywaji wa Luano

Watu wengi wa hapa kwetu, wakisikia tunataka kuandika juu ya kahawa katika kijitabu cha mila, wanacheka. Wanasema mila ya Katanga ni munkoyo, ni bukari, ni ngoma na mashauri ya wazee. Kahawa ilikuja na Wazungu, na hata leo asubuhi watu wanakunywaka chai na mkate. Hatuwapingi kwa yote. Ni kweli Lubumbashi ni mji wa chai. Lakini kusema kahawa ni kitu cha wageni ni neno lisilosimama. Sisi wanywaji wachache wa Luano, watu wa kando ya kiwanja cha ndege, tumeona vema tulitazame jambo hili, halafu tutoe maoni yetu juu ya kazi ya mama mmoja mwenye kutukaangia kahawa hapa mtaani. Jina lake hatulitaji. Kazi yake ni ufundi, na ufundi haufai kusifiwa tu, unafaa kupimwa.

Tuanze na mti wenyewe. Kahawa inayoitwa robusta ni ya misitu yetu ya Kongo. Karibu na mwaka 1900, kampuni ya Linden ya Brussels ilikuwa ikiuza miche iliyotoka huku, na miche ile ikafika mpaka Java, ambako mashamba ya kahawa yalikuwa yameharibiwa na ugonjwa wa kutu ya majani. Toka pale robusta ikatapakaa duniani. Mwaka 1938 ikatokea Nescafé kule Uswisi, na unga wa namna hiyo sasa unatengenezwa kwa robusta nyingi. Basi yule jirani mwenye kununua kopo dukani akijiona mtu wa Ulaya, anakunywa mjukuu wa msitu wetu aliyezunguka dunia na kurudi na bei ya mgeni.

Na kabla ya hayo yote, Wahaya wa Bukoba walikuwa wanatafuna kahawa. Wanachemsha matunda mabichi ya robusta pamoja na majani ya dawa, wanayakausha, wanampa mgeni anayeingia nyumbani. Wawili wakitaka kuchanjiana udugu, walichukua tunda moja lenye mbegu mbili, kila mmoja akala mbegu ya mwenzake yenye damu. Mtu mwenye kusema kahawa haina mila Afrika, aende akawaulize wale.

Lakini kutafuna si kukaanga. Mkaangaji mdogo, yule tunayemtafuta hapa, tunamkuta wazi zaidi kwa ndugu zetu wa pwani, Lamu, Mombasa na Unguja. Muuza kahawa wa kule, kwa desturi, alikuwa mkaangaji, mtwangaji, mpikaji na mtembezaji kwa wakati mmoja. Alikaanga mbegu zake, akazitwanga katika kinu, akazichemsha katika dele la shaba lenye makaa chini yake, kisha akapita barazani akigonganisha vikombe vidogo ili watu wamsikie. Kahawa chungu, bila sukari, na kipande cha kashata ao halua kando. Mpaka leo pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Unguja, wanaume wanakaa juu ya mabaraza wakibishana siasa na mpira kwa kikombe kile kile kidogo.

Tumemtaja muuza kahawa wa pwani kwa sababu moja. Yeye hakuweza kujificha. Akiunguza asubuhi, jioni wale wazee wa baraza walimwambia usoni. Mkaangaji wa kiwanda anakaanga magunia kwa watu asiowaona. Akikosea, kosa linafungwa ndani ya pakiti nzuri yenye picha ya mlima. Udogo wa mkaangaji mdogo si umaskini wa vyombo peke yake. Ni kwamba kila mkaango una watu wake, na watu wale wanamjua.

Sasa tuje kwa mama wetu. Vyombo vyake ni mbabula, makala, kalai zito la chuma, mwiko wa mti na ungo. Hakaangi zaidi ya nusu kilo kwa mara moja. Tulimuuliza kwa nini, tukidhani ni kukosa kalai kubwa. Akajibu: “Ikikuwa mingi, za chini zinaungua, za juu zinalala. Kahawa haitakake haraka.” Kwanza mbegu zinaacha rangi ya majani na kuwa za manjano, zinatoa harufu ya nyasi kavu, halafu harufu ya mkate. Baadaye zinakuwa za udongo mwekundu na zinaanza kupasuka, kama vile mahindi yanavyopasuka kikaangoni. Hapo joto ndani ya mbegu limekaribia digrii 200. Mama hana kipimajoto, anasikiliza. Tangu mpasuko wa kwanza mpaka kahawa kuharibika ni dakika chache tu, na katika dakika zile hasemi na mtu, hata mteja akipiga hodi. Kisha anamwaga kwenye ungo, anapeta haraka, maganda membamba yanaruka, moto unatoka. Asipopoza, mbegu zinaendelea kujikaanga zenyewe. Kilo moja mbichi inamrudishia gramu 800 na kitu, maji yameenda na moshi. Wateja wengine wanamshuku kwa hiyo. Hawajui kwamba ni hesabu ya kila mkaangaji duniani.

Sisi watoto wa nchi ya shaba kazi ya namna hii tulipaswa kuijua mapema. Wazee wayeyushaji, wale ambao Monsinyori de Hemptinne aliwaandika mwaka 1926 kwa jina la “wala shaba”, walipiga mivuo yao bila kipimajoto, nao wakatoa misalaba ya shaba ambayo ilizunguka kama pesa. Ni akili ileile ya macho, masikio na pua.

Tuseme uzuri wa kahawa yake. Mbegu za Kivu, zile za kando ya ziwa, zinaota juu ya mita 1,460 za ziwa lenyewe na kupanda mpaka karibu na 2,000. Ni arabica, na akizikaanga mama zinabaki na uchachu mwembamba ambao haupatikani katika kopo. Mabingwa wa Ulaya na Marekani wana maneno yao ya kuonja: wanataja matunda ambayo hayaoti huku, wanatoa alama juu ya 100, na kahawa ikifika 80 wanaiita ya daraja la pekee. Hatuna ugomvi na alama zao. Ugomvi wetu ni na vijana wetu wenye kurudia majina yale ya matunda bila kuyaonja hata siku moja. Kahawa ya Minova ikipoa kidogo inakumbusha masuku yaliyoiva vizuri, yale ya mwanzo wa mvua yanayouzwa kando ya barabara, utamu mbele na uchachu nyuma. Kila mtu wa Lubumbashi anaelewa neno hilo mara moja.

Lawama nazo zipo. Ya kwanza ni mkaango wa Jumamosi. Siku hiyo mama anakaanga nyeusi kabisa, mpaka mafuta yanatoka juu ya mbegu, kwa ajili ya wateja wenye kusema weusi ndio nguvu. Si kweli. Ukiunguza, kahawa ya Kivu, ya Uganda na ya Brazili zote zinakuwa na ladha moja, ladha ya makala. Tunaelewa kwamba mama anatafuta chakula cha watoto. Lakini kuchukua mbegu iliyochumwa tunda kwa tunda milimani na kuipeleka kwenye majivu ni hasara, na tumemwambia hivyo. Lawama ya pili ni ule unga anaousaga mapema na kuufunga katika vifuko vya plastiki. Kahawa nzima inashika harufu yake wiki mbili tatu. Iliyosagwa inaipoteza kwa siku chache. Afadhali auze mbegu, na kila lupango litwange lenyewe. Kinu kipo kila nyumba, sombe inatwangwa kila wiki.

Juu ya tangawizi hatukupatana. Wenzetu wawili wanasema tangawizi inaficha kahawa mbaya. Wengine tunajibu kwamba pwani wameitia tangawizi na iliki tangu wazee wa wazee, na Kinshasa wauzaji wenye termosi wanaitembeza hivyohivyo. Ikiwa kahawa ilikuwa nzuri kabla, tangawizi ni rafiki. Ikiwa ilikuwa mbaya, mnywaji atajua tu.

Kuna kasoro moja isiyo ya mama, nayo ndiyo iliyotufundisha zaidi faida ya udogo. Kahawa ya Kivu, kama ya Rwanda na Burundi, ina ugonjwa unaoitwa ladha ya kiazi. Mdudu mmoja, antestia, anatoboa tunda likiwa mtini, bakteria wanaingia, na mbegu ile inachukua harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa. Ukiitazama huioni. Ukiikaanga haisemi. Inajitangaza tu siku ya kusagwa. Mbegu moja inatosha kuharibu birika zima. Kiwanda chenye kusaga kilo mia kinapata hasara kubwa ao kinauza hivyohivyo. Mama anasaga ya vikombe viwili vitatu, ananusa kwanza, na kiazi kikitokea anamwaga kile kidogo na kuanza upya. Kwa mkaangaji mkubwa kasoro hiyo ni sababu ya kuikimbia Kivu. Kwake ni kikombe kimoja kimeenda.

Na Kivu haifai kukimbiwa, maana ilishakimbiwa vya kutosha. Mwisho wa miaka ya 1980 nchi hii ilikuwa inauza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Ugonjwa wa kunyauka uliua robusta, vita vikaua biashara, na katika miaka ya 2010 hesabu rasmi ilikuwa karibu tani 10,000. Wakulima wa kando ya ziwa wakawa wanavuka usiku kwa mitumbwi kupeleka kahawa yao Rwanda, na wengi walizama. Mwaka 2003 ushirika wa SOPACDI ukaanzishwa Minova, baadaye ukajenga kituo cha kuosha kahawa, na mbegu zake zikaanza kununuliwa Ulaya. Mwaka 2014 yakaanza mashindano ya Saveur du Kivu, ambapo kahawa ya wakulima inaonjwa na kupewa alama kwao wenyewe. Kwa wakulima wengi kahawa ilikuwa kitu cha kuuza kibichi. Kuionja iliyokaangwa vizuri hawakuwa wamezoea.

Hapo ndipo tunapoona uzito wa mbabula ya mama. Mti ni wetu, kuchuma ni kwetu, kuosha kumerudi kwetu. Kukaanga, ambako ndiko mbegu inakuwa kahawa na bei inapanda, kumebaki kwa wengine kwa sehemu kubwa. Hatuoni tofauti na mawe ya shaba yanayotoka hapa Katanga na kurudi kama nyaya za umeme. Nusu kilo ya Luano haigeuzi hesabu ya nchi, hilo tunalijua. Ila inaonyesha kwamba mkono upo.

Mbegu za mama zilikuwa zinafika kwa mabegi ya wasafiri wa ndege, kilo tano, kilo kumi, kutoka Goma na Bukavu. Mwezi wa kwanza 2025 Minova ilichukuliwa na M23, siku chache baadaye Goma, kiwanja cha ndege kikafungwa. Mwezi wa pili ikafuata Bukavu. Kalai likakaa kimya majuma mengi. Baadaye mama akaanza kupata kilo chache kutoka Kasama, Zambia, kwa wafanyabiashara wanaopita Kasumbalesa. Ni arabica safi, mbegu zake zinalingana, haijatupa kiazi hata mara moja. Kikombe chake ni laini, kina utamu wa karanga, uchachu kidogo sana. Mwanzoni mama aliikaanga kama ya Kivu na ikatoka nzito bila uhai. Sasa anaitoa motoni mapema, mara tu mpasuko wa kwanza unapotulia, na imekuwa nzuri. Nzuri, lakini masuku hayamo.

Zimebaki kilo mbili za Minova, alizozipata mwisho wa 2024. Amezifungia katika ndoo yenye kifuniko na hataki kuzikaanga. Anasema ni za siku ile njia itakapofunguliwa, azikaangie watu wa kwao watakaofika. Tunamheshimu, lakini kama wanywaji tunaona anakosea. Kahawa mbichi inavumilia karibu mwaka mmoja, halafu inaanza kufifia na kuchukua ladha ya gunia. Juzi alitufungulia ndoo tukanusa, na rangi ya majani imeanza kuwa nyeupe. Tulimwambia: “Mama, zikaange sasa.” Akarudisha kifuniko.