Uzi Kwenye Soli

Wiki ya kwanza ya Januari mafundi viatu wa Dar es Salaam hawapati nafasi ya kupumua. Wazazi wanatoka Kariakoo na viatu vyeusi vya shule, vipya kabisa, karatasi bado zimeshindiliwa ndani, na kabla mtoto hajavivaa hata siku moja vinapelekwa kwa fundi vikashonwe soli. Asiyezoea mji huu atashangaa kitu kipya kupelekwa kutengenezwa. Mwenyeji hashangai. Anajua viatu hivyo vimebandikwa kwa gundi tu, na gundi hiyo haitamaliza muhula ikishakutana na madimbwi ya masika na mpira wa saa ya mapumziko.

Watu hubishana sana: ununue kiatu cha bei rahisi au cha bei ghali, kipi kitakuokolea fedha miaka ikipita? Hubishana kana kwamba jibu limeandikwa kwenye bei. Mimi naamini jibu limo kwenye uzi, na anayeushika uzi huo ni mtu tunayempita kila siku, amekaa kwenye kigoda chini ya mwavuli uliopauka, kiatu cha mtu mwingine kikiwa mapajani.

Tupige hesabu, tarakimu zikiwa za mfano tu. Tuseme kiatu cha shilingi 25,000 kinadumu miezi mitano. Kwa miaka mitano utanunua jozi 12, yaani shilingi 300,000. Jirani yako amenunua cha 150,000 chenye soli iliyoshonwa, akakitengeneza mara kadhaa kwa jumla ya 50,000, na baada ya miaka mitano bado anacho. Ametumia 200,000. Mwandishi wa Uingereza, Terry Pratchett, katika riwaya yake Men at Arms ya mwaka 1993, alimpa mhusika wake Samuel Vimes hesabu ya namna hii. Vimes ni askari, na anatambua kwamba maskini hutumia fedha nyingi zaidi kwa viatu kuliko tajiri, na bado miguu yake inalowa. Hoja hiyo ni ya kweli na inauma, kwa sababu mwenye elfu 25 mfukoni hawezi kununua cha elfu 150 hata akijua kwa hakika kwamba kitamfaa zaidi.

Lakini hesabu ya Vimes ina viatu viwili tu, haina fundi. Chukua kile kile cha 25,000, kipeleke kikashonwe kwa 5,000 kabla hujakivaa, na tuseme kinafika mwaka mmoja. Miaka mitano ni jozi tano, shilingi 150,000. Umetumia kidogo kuliko wote wawili, na hakuna siku uliyotakiwa kutoa zaidi ya elfu 30 kwa mkupuo. Kwa mtu anayeishi kwa kipato cha siku, hilo la mwisho ndilo kubwa. Na elfu tano hiyo imenunua kazi ambayo wengi wetu hatujawahi kuisimamia tukaitazama mwanzo hadi mwisho.

Mimi huisimamia. Fundi akipokea kiatu hakimbilii sindano. Anakikunja, anabonyeza soli kwa dole gumba kuona ni mpira mzito au ni sponji iliyopakwa rangi, anaingiza mkono ndani kupapasa kama kuna misumari au karatasi ngumu chini ya soli ya ndani. Hapo anaamua mshono upite wapi: chini, kwenye uso wa soli, au ubavuni, pale ukingo wa soli unapopanda na kuikumbatia ngozi. Kisha anachukua kisu na kuchora mfereji mwembamba kuzunguka soli nzima. Mfereji huo ndio unaotenganisha kazi na kazi. Uzi ukilala ndani yake, ardhi haiugusi. Fundi mwenye haraka huacha uzi juu juu, na baada ya muda mfupi lami imeusaga wote. Lakini nao mfereji ukichimbwa kwa kina kupita kiasi unaidhoofisha soli yenyewe, kwa hiyo kisu lazima kiende kina kimoja kwenye ukingo ambao haujanyooka mahali popote.

Uzi ni wa nailoni. Anaupitisha kwenye kipande cha nta, mara mbili tatu, mpaka ushike mng'ao. Nta inaufanya uteleze vizuri kwenye tundu, inausaidia kubana ukishakazwa, na inapunguza maji yanayoweza kufuata uzi mpaka ndani. Halafu anashika msharasi, ile sindano nene yenye mpini wa mbao na kijino karibu na ncha.

Hapa ndipo ninapopenda kutulia. Mkono wa kushoto unaingia ndani ya kiatu pamoja na uzi, hadi kule kwenye vidole ambako jicho halifiki. Wa kulia unadunga kutoka nje. Ncha inapotokeza ndani, vidole vya kushoto vinaitambua kwa kugusa, vinauvisha uzi kwenye kijino, na msharasi unarudi nje ukiwa umevuta kitanzi. Uzi wa nje unapitishwa ndani ya kitanzi hicho, pande zote mbili zinavutwa, mshono unajifunga. Tundu linalofuata. Kila mshono umefungwa peke yake, ndiyo maana mmoja ukikatika jirani zake wanabaki wameshika. Mkono ule wa ndani unafanya kazi gizani karibu na ncha kali, na fundi wakati huo huo anajibu salamu, anapokea fedha, anamwambia mteja wa pili, "Dada, chako kesho asubuhi."

Nafasi kati ya tundu na tundu haipimwi kwa rula. Matundu yakikaribiana mno kwenye soli laini, yanageuka mstari wa kuchania, na soli itakatika hapo hapo iliposhonwa. Yakiachana mno, ukingo unafumbua midomo kila unapokanyaga. Mbele, kwenye kona ya vidole, taabu inaongezeka: duara la nje ni refu kuliko la ndani, kwa hiyo matundu ya nje lazima yaachane kidogo zaidi ili ya ndani yasigongane, na msharasi unainamishwa upya kwa kila tundu. Ukitaka kumjua fundi, usitazame ubavu ulionyooka. Tazama kona hiyo. Kukaza nako kuna kipimo chake. Akivuta kupita kiasi, uzi unaikata sponji au unaikunja ngozi ya juu. Akilegeza, unacheza ndani ya tundu na kulipanua kila siku. Anapomaliza anazipitia nyuzi zote kwa nyundo ndogo, polepole, zilale ndani ya mfereji.

Gundi nayo wengi wanaidharau, na wengi wanaiharibu. Gundi ya viatu haitaki kubandikwa ikiwa mbichi. Fundi anasugua kwanza gundi ya zamani kwa msasa mpaka uso wote ukwaruzike, anapaka pande zote mbili, kisha anakiweka kiatu juani na kukiacha. Mteja anaona kimepakwa, anaona hakibandikwi, anaanza kulalamika. Fundi anangoja mpaka kidole kikigusa kisitoke na utando, kwa maana umajimaji wa gundi ukifungiwa katikati unazuia pande hizo kushikana. Ndipo anaziunganisha mara moja, bila nafasi ya kusahihisha, na kugonga. Watu wanaobandika wenyewe nyumbani hukosea hapo: wanabonyeza gundi ikiwa bado inatiririka, kiatu kinafumuka baada ya wiki, na lawama inaangukia gundi.

Macho ya fundi ndiyo yaliyonifundisha kwamba bei ni shahidi dhaifu. Viatu vingi vina mshono wa uongo: mistari ya nyuzi iliyotolewa kwa kalibu pamoja na mpira wenyewe, mizuri, iliyonyooka kupita kawaida, isiyoshika chochote. Fundi anaupitishia ukucha na kukirudisha kiatu mezani. Tena kuna raba na buti za bei ya kutisha ambazo soli zake ni za poliyurethani, nyepesi, laini, tamu mguuni. Kemikali hiyo huvunjwavunjwa taratibu na unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kimekaa kwenye boksi. Pwani yetu ina unyevu mwaka mzima. Mtu anahifadhi viatu vyake vya harusi kabatini miaka kadhaa, anavitoa kwa sherehe nyingine, na soli inamong'onyoka ukumbini vipande vipande. Hakuna uzi unaoweza kushika kitu ambacho chenyewe kimeoza. Kumbe aliyehifadhi kwa uangalifu amepoteza zaidi ya aliyevaa kila siku.

Kiatu ambacho kweli kinastahili bei kubwa ni kile kilichojengwa ili kifunguliwe. Kuzunguka ukingo wake kuna ukanda mwembamba wa ngozi. Ukanda umeshonwa kwenye ngozi ya juu na soli ya ndani kwa mshono mmoja, kisha soli ya chini imeshonwa kwenye ukanda kwa mshono wa pili. Soli ikiisha, fundi anakata mshono ule wa pili tu, anaitoa, anashona nyingine, na sehemu ya juu haijaguswa. Mafundi wa Ulaya walishona hivyo kwa mkono kwa karne nyingi. Mashine ya kufanya hivyo ilipewa hataza Marekani mwaka 1871 kwa jina la Charles Goodyear mdogo. Baba yake, Charles Goodyear mwenyewe, ndiye aliyepata hataza ya mwaka 1844 ya kupika mpira kwa salfa ili usiyeyuke wakati wa joto wala kupasuka wakati wa baridi. Bila uvumbuzi huo hakuna tairi. Nafurahi kila ninapoona kazi za baba na mwana zikikutana kwenye kigoda kimoja cha Ilala: fundi anakata kipande cha tairi kuukuu, kile kile kinachozaa viatu vya katambuga, na kukitia kwenye kisigino cha kiatu chenye ukanda ulioshonwa kwa mtindo wa mwana.

Viatu vya namna hiyo hutufikia zaidi kupitia mitumba. Soko la Karume mjini Dar es Salaam, au Gikomba kule Nairobi, unaweza kumkuta mnunuzi mjanja ameinamia lundo, hatazami rangi wala jina la kampuni. Anageuza kiatu, anafuata uzi kwa kidole, anapinda ngozi kuona kama inakunjamana kama ngozi au inapasuka kama rangi iliyokauka. Kiatu kikuukuu kilichoshonwa, kwa bei isiyozidi ile ya kipya cha gundi, kikipata kisigino kipya na mafuta ya ngozi, ndicho kwangu ununuzi bora kuliko wote katika mji huu. Siwezi kusema hivyo kwa mtoto wa darasa la pili. Mguu wake utakipita kiatu chochote kabla soli haijaisha, na huko cha bei ndogo kilichoshonwa Januari kinatosha kabisa.

Fundi wa kweli anajulikana pia kwa kazi anazozikataa. Mteja anakuja na raba ya gharama, soli imeachia yote, yuko tayari kulipa atakalotajiwa. Fundi anaikwangua kidogo kwa kucha, unga unadondoka. "Kaka, hii usiipotezee hela yako. Nikishona leo, kesho kutwa utanitukana." Anamweleza kwamba sehemu ya juu bado nzima, na akipata soli nyingine ya mpira, hata ya kutoa kwenye kiatu kilichokufa, ataihamisha. Nyuma yake kuna mfuko wa viatu vya aina hiyo, vilivyoachwa na wenyewe: soli moja ya kulia, ulimi wa ngozi laini utakaozibia tundu la mwingine, visigino, pete za chuma za matundu ya kamba, gidamu. Anaumwaga, anapekua, anapima soli moja baada ya nyingine juu ya raba ile. Ya nne inakaribia. Inahitaji kupunguzwa kidogo kisiginoni, na kisu kiko mkononi tayari.